Mtoto aliyeitwa "Wengine"

Wapendwa, kimya changu hapa kibarazani kimekuwa kirefu. Sina sababu ya maana zaidi ya zile mnazozijua: kazi za watu, foleni za barabarani, na uvivu. Leo nimerudi na kisa cha Hisabati. Najua wapo walioanza kutafuta mlango wa kutokea, maana somo lile lilitutesa wengi. Mimi mwenyewe nilikimbilia uandishi wa habari nikiamini huko sitakutana tena na hesabu. Tulieni, leo hakuna mtihani.

Kisa kinaanzia kwa mpwa wangu. Yuko Darasa la Tano katika shule moja ya serikali hapa jijini, na jina la shule nalihifadhi. Jioni moja dada alinitumia picha kwenye simu. Ilikuwa ni grafu ya mihimili, imechorwa kwa rula kwenye karatasi ya manila na kupakwa rangi safi kabisa. Juu imeandikwa: "Wanafunzi wa darasa letu wanaishi na nani?" Chini kuna mihimili mitano: baba na mama, mama peke yake, baba peke yake, bibi au babu, na wa mwisho umeandikwa "wengine". Kijana alikuwa amepata kumi kwa kumi, na mwalimu alikuwa ameibandika ukutani.

Jamani, nilifurahi! Nikaituma kwa rafiki zangu kama watatu hivi na maneno ya majigambo: "Oneni, mpwa wangu ameshaanza uandishi wa takwimu." Sikuiangalia ile grafu zaidi ya sekunde kumi. Laiti ningeangalia, ningeuona ule mhimili wa mwisho, mfupi kuliko yote, wenye namba moja juu yake.

Moja. Mtoto mmoja tu darasa zima haishi na baba, wala mama, wala bibi, wala babu.

Picha hiyo hiyo iliwekwa na mzazi mmoja kwenye grupu la WhatsApp la wazazi wa darasa, kwa nia njema, kuwapongeza watoto. Dada anasema hazikupita dakika mbili, mzazi mwingine akauliza: "Huyo mmoja wa wengine ni nani jamani?" Na mwingine akamjibu. Kwa jina. Akaongeza na historia: mama alifariki, mtoto akabaki kwa mama mwenye nyumba waliyokuwa wamepanga. Wazazi wakaweka vile vikatuni vya kulia, mmoja akapendekeza achangiwe daftari. Kesho yake watoto wakaja shuleni na habari zote walizozisoma kwenye simu za mama zao, na yule kijana akapata jina jipya. Wakawa wanamwita "Wengine".

"Wengine, lete mpira." "Wengine, mwalimu anakuita."

Siku ya tatu hakuonekana shuleni. Ya nne pia. Mpwa wangu, aliyechora ile grafu na anayekaa naye dawati moja, alimwuliza mama yake swali ambalo dada alishindwa kulijibu, akanipigia mimi: "Mama, mimi nimekosea wapi? Si hesabu ziko sahihi?"

Ni kweli, hesabu zilikuwa sahihi. Hapo ndipo penye ugumu wote wa jambo hili.

Nikiri kitu ambacho sijawahi kukiandika. Swali la mpwa wangu lilinichoma kwa sababu nililijua. Mwaka 2017, nikiwa mgeni kabisa katika kazi hii, niliandika habari juu ya ugonjwa wa fistula kijijini. Nilizungumza na mama mmoja jasiri, nikamwahidi kwamba jina lake sitaliandika, na kweli sikuliandika. Niliandika tu kwamba ana umri wa miaka 34, ana watoto watano, na anauza maandazi karibu na ghala la kijiji. Wiki mbili baadaye akanipigia simu. Hakupandisha sauti. Aliniambia tu kwamba watu hawanunui tena maandazi yake. Kijiji kizima kulikuwa na muuza maandazi mmoja pale ghalani. Jina nililificha, mtu sikumficha.

Nilisoma chuo miaka mitatu, nikafundishwa maadili ya uandishi, nikafaulu mtihani wake. Lakini hakuna aliyewahi kunionyesha kwamba kumficha mtu ni suala la hesabu. Kila sifa unayoiongeza inapunguza idadi ya watu wanaoweza kuwa ndiye. Ukiendelea kuongeza, unabaki na mmoja.

Basi nikaenda shuleni. Nilikwenda nimevimba, nisiwadanganye, nikiwa nimeshaandaa na hotuba. Mwalimu wa Hisabati nikamkuta ofisini, mbele yake kuna rundo la madaftari lenye kimo cha ndoo. Nikamwamkia, nikaeleza. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Mdogo wangu, umekuja kunisema au kunisaidia? Kama ni kunisema, nimeshajisema mwenyewe. Jumamosi nilikwenda kwa yule mama anayemlea, nikamwomba radhi, na yule mtoto nikamwomba radhi."

Hotuba yangu ikaishia hapo.

Akanieleza ilivyokuwa. Darasa lake lina watoto 103. Mada ya takwimu ipo kwenye Hisabati ya shule ya msingi tangu enzi zetu: kusanya, weka kwenye jedwali, chora, soma grafu. Kila mwaka watoto wanahesabu maembe, machungwa na mapapai. "Nilichoka na maembe," akasema. "Nikataka wahesabu kitu kinachowahusu." Na kwa kweli, hilo ndilo wataalamu wa elimu wanalolihimiza, hisabati itoke kwenye maisha ya mtoto. Mwalimu alikuwa sahihi. Ila embe likihesabiwa halioni aibu.

Tukakubaliana nirudi kumsaidia kipindi kimoja, yeye afundishe, mimi nishike chaki na kutoa mifano ya kazini kwangu. Nawasimulia tulichofanya, maana sidhani kama kinahitaji kompyuta, wala mradi wa wafadhili, wala semina ya hotelini.

Tulianza na wastani. Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 ilituhesabu Watanzania 61,741,120, na wastani wa watu katika kaya ukawa 4.3. Mwalimu akauliza: "Nani kwao wanaishi watu wanne na nukta tatu?" Darasa likacheka. Akaita watoto watano, kila mmoja akasema anatumia dakika ngapi kuja shule: 5, 5, 10, 10 na 70. Wakajumlisha, 100. Wakagawa kwa tano, 20. "Nani kati yenu anatumia dakika 20?" Hakuna. Kimya kidogo. Kisha mtoto mmoja nyuma akasema: "Mwalimu, huyu wa 70 amepotelea ndani." Ningekuwa mhariri ningempa ajira pale pale! Ni wangapi kati yetu tunaoandika kila siku wastani wa mapato, wastani wa mavuno, wastani wa ufaulu, na hatuulizi nani amepotelea ndani?

Tukaenda kwenye grafu. Nilichora mihimili miwili ubaoni: sensa ya mwaka 2012, watu 44,928,923, na ile ya 2022. Mhimili wa pili ukawa mrefu kuliko wa kwanza kwa zaidi ya theluthi, na ndivyo ilivyo, kwa sababu tuliongezeka kwa asilimia 37 hivi. Pembeni nikachora tena namba zile zile, lakini safari hii chini sikuanzia sifuri, nilianzia milioni 40. Looh! Mhimili wa pili ukawa mrefu mara nne na zaidi kuliko wa kwanza. Nikawauliza: "Namba zimebadilika?" "Hapanaaa!" "Nimedanganya?" Hapo wakagawanyika. Wengine walisema hapana, namba zimeandikwa. Wengine wakasema ndiyo, kwa sababu macho yanaona kabla ya kusoma. Tukawaacha wabishane. Nimewahi kukaa kwenye vyumba vya habari ambako mabishano hayo hayakufanyika kabisa, na grafu ikaenda mtamboni.

Zoezi la tatu ndilo nililolitaka mimi. Siku ile watoto 7 hawakuwepo, kwa hiyo tulikuwa na watoto 96. Mwalimu akauliza: nikisema "msichana", je, mtajua ni nani? Hapana, wapo wengi. Nikisema "msichana aliyezaliwa mwezi Machi"? Wakapiga hesabu: jinsia 2 mara miezi 12 ni makundi 24. Watoto 96 gawanya kwa 24 ni 4. Kwa wastani kila mtoto yuko na wenzake watatu, anaweza kujificha kidogo. Sasa ongeza tarehe. Jinsia 2 mara siku 365 ni makundi 730, na watoto ni wale wale 96! Makundi mengi zaidi ya watoto. Kwa kawaida, wengi watabaki peke yao.

Kila mmoja akaandika kwenye kipande cha karatasi jinsia, tarehe na mwezi, bila jina. Tukavipanga mezani. Waliopata mwenzao walikuwa 10 tu. Watoto 86 walikuwa peke yao kabisa. Bila jina, bila sura, kwa vitu viwili tu, unaweza kuwanyooshea kidole watoto 86 kati ya 96.

Nikawasimulia kwamba hicho walichokifanya ubaoni kina ndugu yake maarufu huko Marekani. Katika miaka ya 1990, jimbo la Massachusetts lilitoa taarifa za matibabu za wafanyakazi wake kwa ajili ya utafiti, majina yakiwa yameondolewa, na watu wakaambiwa siri zao ziko salama. Mwanafunzi wa chuo aitwaye Latanya Sweeney akazilinganisha na orodha ya wapiga kura, akazipata taarifa za hospitali za gavana wa jimbo lenyewe, William Weld. Baadaye, mwaka 2000, akakadiria kwamba asilimia 87 ya watu wa Marekani wanaweza kutambulika kwa vitu vitatu tu: jinsia, tarehe kamili ya kuzaliwa, na namba ya posta ya eneo wanaloishi. Ni kuzidisha na kugawanya. Watoto wa Darasa la Tano wanaweza.

Hapo mwalimu akarudi kwenye grafu ya manila, bila kuitaja. Hakusema "mnakumbuka yule". Aliuliza tu: kama unahesabu watu, na kundi moja likatoka na mtu mmoja, ufanye nini? Majibu yakamiminika. Futa kundi hilo. Liunganishe na kundi lingine. Usiulize kabisa swali hilo. Muulize kwanza huyo mmoja. Mtoto mmoja akasema, "Badili swali, uliza tunaishi watu wangapi, usiulize tunaishi na nani." Bila kujua, walikuwa wanataja mambo yanayofanywa na ofisi za takwimu duniani kote, ambazo namba ikiwa ndogo mno huificha au huiunganisha na nyingine ili mtu asijulikane. Hata makarani wetu wa sensa wa mwaka 2022 walikula kiapo cha kutunza siri kabla ya kuanza kugonga milango. Kama karani mtu mzima anaapishwa, kwa nini mtoto tunamtuma akakusanye takwimu za wenzake bila hata neno moja la tahadhari?

Najua kuna atakayesema haya ni mambo ya TEHAMA, yasubiri kompyuta. Mimi nakataa. Kwanza, shule nyingi zetu hazina hizo kompyuta, na watoto wanakulia kwenye simu za wazazi wao bila kusubiri maabara. Pili, yaliyompata yule mtoto hayakuanzia kwenye simu. Yalianzia kwenye jedwali. Simu iliyachukua ikayasambaza. Ukimfundisha mtoto asiweke neno la siri hadharani lakini usimfundishe "moja" kwenye jedwali ina maana gani, umemfungia mlango wa mbele na wa nyuma uko wazi. Kenya, katika mtaala wao wa umilisi ulioanza kutumika nchi nzima kwa madarasa ya chini mwaka 2019, ujuzi wa kidijitali umetajwa kuwa miongoni mwa umilisi saba wa msingi, unaotakiwa kuguswa ndani ya masomo yote. Sisi tumeanza mtaala mpya mwaka 2024. Nafasi ipo. Sidai somo jipya, walimu wameelemewa. Nadai maswali matatu yaongezwe kwenye mada ambayo tayari ipo: tunahesabu kwa ajili ya nini, nani atakayeona, na huyu aliyebaki peke yake atajisikiaje?

Kuna hoja nyingine nzito zaidi, na aliitoa mwalimu mwenyewe. Alisema: "Mdogo wangu, nina watoto hapa hawajui jedwali la saba. Unataka niwafundishe maadili ya takwimu?" Sikuwa na jibu la haraka. Lakini baada ya kipindi kile alikuja kuniambia kwamba watoto wawili ambao hajawahi kuwaona wakigawanya kwa hiari yao waligawanya 96 kwa 24 wakibishana nani yuko sahihi, kwa sababu walitaka kujua kama wao wanaweza kujificha. Sisemi hilo ni ushahidi, ni darasa moja na kipindi kimoja, na ninyi wasomaji wangu mmeshajifunza hapo juu kuogopa namba moja. Nawaambia tu nilichokiona.

Na sisi wakubwa tusijifanye tumeshafuzu. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na inazihesabu taarifa zinazohusu watoto kuwa nyeti. Hivi ni wangapi kwenye grupu lile la wazazi wanaijua? Mimi mwandishi naijua, na nikaituma ile picha kwa watu watatu kwa majigambo. Sisi waandishi tulipiga kelele, na kwa haki kabisa, mwaka 2018 Sheria ya Takwimu ilipobadilishwa na kuchapisha takwimu zinazokinzana na za serikali kukawa kosa, mpaka ikarekebishwa tena mwaka 2019. Tulidai haki ya kuhesabu na kusema. Bado naidai. Ila haki ile ina upande wa pili ambao hatukuupigia kelele: haki ya yule anayehesabiwa.

Nimewapigia wale rafiki zangu watatu, nikawaomba waifute picha. Wawili wameifuta. Wa tatu alishaituma kwingine, hakumbuki ni wapi. Yule mama wa maandazi nilimtafuta kwa namba ile ya zamani, haipatikani.

Na yule mtoto? Amerudi shule, anakaa dawati lile lile na mpwa wangu. Mpwa wangu aliibandua grafu yake mwenyewe ukutani, akamwomba mwalimu achore nyingine: wanafunzi wa darasa letu wanakujaje shule. Kwa miguu, daladala, bajaji, bodaboda. Hakuna "wengine". Watoto wachache bado wanamwita kwa jina lile wakikasirika, dada ameniambia. Jina ni rahisi kulitoa kuliko kulirudisha.

Nimalizie na jambo moja. Mwisho wa kipindi nilianza kukusanya vile vikaratasi 96, nikifikiria kuvipiga picha vizuri, vimepangwa mezani, niiweke hapa kibarazani ivutie. Msichana mmoja wa dawati la mbele akanyoosha mkono. Nikadhani anataka kushukuru.

"Mjomba, hizo karatasi unazipeleka wapi?"

Darasa zima likanigeukia. Mwalimu akainamisha kichwa, nadhani alikuwa anacheka. Nikazirudisha mezani. Kila mtoto akaja akachukua yake, akaichana. Ndiyo maana makala hii haina picha.

Kama una mtoto, mdogo wako au mpwa, leo jioni mwombe daftari la Hisabati ulitazame. Kisha uniambie umekuta wanahesabu nini.